Bibi Yangu Ni Student

Jumatatu, 2 Septemba

Miraa ya leo mbaya. Ni kwa sababu ya baridi. Mnunuzi alikuja na boda saa nne, akashikashika, akasema hii ni ya kulisha mbuzi. Nikamwambia basi anunulie mbuzi. Alinunua.

Karimi aliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sketi ya kijani, sweta ya kijani, soksi nyeupe. Bibi yangu huyo. Miaka thelathini na saba, mama wa watoto wawili, kidato cha nne. Muhula wa mwisho umeanza leo. Wiki tisa mpaka mtihani.

Ng'ombe nilikamua mimi. Muhula uliopita alikamua mwenyewe na wale wasichana wakasema darasa linanuka maziwa. Wanamwita Mathe, yaani mama. Anasema hajali. Anajali.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekosea tena. Nilikuwa nikiongea na jirani kwa simu, nikamwambia pupil wangu bado hajafika nyumbani. Kumbe Karimi yuko mlangoni. Hakucheka. Alinieleza taratibu, viatu vikiwa mkononi. Pupil ni wa shule ya msingi. Ukivuka kwenda sekondari unakuwa student. Kwa Kiingereza huwezi kuchanganya, ni kama kumwita ng'ombe ndama.

Makena akarukia. Huyo ni kitinda mimba wetu, yuko gredi ya tano, mdomo hauna breki. Ati hata pupil siku hizi ni ya kizamani. Wao wanaitwa learners, mwalimu amesema. Mkubwa wao Kendi yuko bweni kule Embu, kwa hivyo yeye ni boarder. Na Karimi, kwa kuwa anarudi nyumbani jioni, ni day scholar. Scholar! Nilidhani scholar ni mtu wa miwani na vitabu vizito. Kumbe ni mtu wa kurudi nyumbani kupika.

Kiswahili kinasema mwanafunzi na kazi imeisha. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili. Kiingereza tuliachana darasa la sita, na mimi ndiye niliyeachwa.

Nimepiga hesabu. Nyumba hii ina boarder, day scholar na learner. Mimi na ng'ombe hatuna jina. Mimi nilikomea kwa pupil. Nimeota mvi nikiwa pupil.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya kanisa wanaume walinizunguka pale kwa geti. Baba Kendi, student wako amemaliza homework? Baba Kendi, unamchapa akifeli? Nikacheka nao. Ukinuna wanazidisha.

Lakini nimekasirika. Miaka minne sasa na bado utani ni ule ule. Hawajui vile huyu mwanamke anaamka. Hawajui vile anasoma akikoroga uji, kitabu juu ya debe la mahindi.

Kitu kingine siwaambii. Ninaogopa. Akipita ataniona mdogo. Hajawahi kuonyesha hivyo hata siku moja. Ninaogopa tu.

Alhamisi, 19 Septemba

Barua kutoka shule. Siku ya maombi ya kidato cha nne ni tarehe kumi na tisa Oktoba. Kila mmoja aje na mzazi wake. Mzazi atasimama nyuma ya mtoto, amwekee mkono, ambariki. Sasa hata student si student tena. Barua inasema candidate. Kila nikishika jina moja, wanabadilisha.

Chini kuna fomu. Jina la candidate. Jina la mzazi au mlezi. Uhusiano wenu. Nilikaa na biro nusu saa nzima. Mzazi si mimi. Mlezi ni wa yatima. Nikaandika Mume. Nikaangalia. Linaonekana kama kosa.

Karimi alisoma akairudisha mezani. Alisema akiangalia sufuria. Angetaka baba yake ndiye aje. Amtemee mate kifuani vile wazee hubariki. Alisema, "Yeye ndiye alinitoa shule. Sitaki kuingia mtihani kama mtu aliyetoroka."

Baba yake ni mzee M'Ikiara, yuko ng'ambo ile ya Laare. Tangu Karimi avae sare, mzee hajamsemesha. Alisema mwanamke aliyetolewa mahari hawezi kuwa mtoto wa shule, ni aibu kwa waliolipa na kwa waliolipwa. Waliolipa ni mimi. Mimi sijaona aibu. Hakuniuliza.

Nikasikia mtu akisema ataenda kuongea na mzee. Mtu huyo ni mimi.

Wacha niandike ukweli, hakuna atakayesoma hapa. Wiki ile nilipopeleka posa, Karimi alikuwa amepata barua ya kuitwa kidato cha kwanza. Alikuwa na miaka kumi na minane, alichelewa kuanza shule kwa sababu ya mbuzi za baba yake. Mimi nilikuwa na ishirini na mitano. Nilijua barua iko. Ndiyo maana niliharakisha. Nilijiambia akivuka lile lango la sekondari hatanitazama tena. Student atamtaka pupil wa nini? Nikapeleka posa siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Sijawahi kumwambia mtu.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimeenda kwa mzee. Mkono mtupu haulambwi, kwa hivyo niliamka mapema nikachuma miraa safi, ile nyekundu ya miti ya babu. Nikaifunga vizuri kwa majani ya mgomba na kamba ya mgomba, ncha zote upande mmoja, vile marehemu baba alinifundisha ukienda kwa wakwe. Kibunda kilipendeza. Nilikibeba mkononi kutoka stendi, watu wakikiangalia.

Mzee hakuwepo, alikuwa ameenda matanga. Nilimkuta Gatwiri, mdogo wake Karimi, yule ambaye hajaolewa. Nikamwachia kibunda. Nikamwambia amwambie mzee nitarudi Jumamosi ijayo tuongee jambo la maana. Akakipokea kwa mikono miwili, akaniangalia vibaya. Nikafikiri ana njaa.

Nimerudi nikiwa nimefurahi. Karimi sijamwambia kitu mpaka nipate jibu.

Jumanne, 1 Oktoba

Kuna kitu. Sokoni leo mama wa ndizi alinipa mkono akasema hongera, kisha akasonya. Nani husema hongera na kusonya? Mnunuzi wangu wa miraa akauliza kama sasa nitahitaji shamba kubwa. Nikamuuliza la nini. Akacheka, akawasha pikipiki.

Karimi alirudi saa kumi na moja. Hakubadilisha sare. Alikaa kitandani na begi mgongoni.

Jumatano, 2 Oktoba

Makena ndiye aliyeniambia. Watoto shuleni wanasema baba yake anaoa shangazi Gatwiri. Kwa sababu mama amekuwa mtoto wa shule na baba amechoka.

Nilisimama na ndoo ya maziwa mpaka mkono wake ukanikata vidole. Kibunda! Nilifunga kibunda cha posa. Hakuna mtu Laare asiyejua kile kibunda ni cha nini. Kikipelekwa kwa mwenye binti, watu wa nyumba hukaa nacho. Mzee akikifungua, amekubali. Na mimi nikakibeba mchana kweupe, nikamwachia msichana ambaye hajaolewa, nikasema narudi kuongea jambo la maana.

Mjinga wa kutupwa. Nimefunga vile tu kwa sababu sijui kufungia wakwe kwa namna nyingine. Maisha yangu yote nimefunga kibunda cha wakwe mara mbili. Cha kwanza kilikuwa cha Karimi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Karimi hakuenda shule. Mara ya kwanza kwa miaka minne. Hata alipougua malaria alienda.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi kama niko kwa chifu. Kwamba nilienda kumwombea baraka. Kwamba kibunda ni ujinga wangu. Akasema anajua. Alivyosikia tu alijua ni ujinga, akili yangu anaifahamu. Kidogo acheke.

Nikamuuliza, basi kwa nini hukuenda shule, mama Kendi?

Kisha akasema watu wanapotaja kibunda yeye hakumbuki Gatwiri. Anakumbuka kile chake.

Nikaona nikinyamaza leo nitanyamaza mpaka kaburini. Nikamwambia. Nilijua kuhusu barua. Nilijua, nikaharakisha, nilitaka usivuke. Nikangoja anitukane.

Karimi aliniangalia kama mtu anayetafuta sindano. Akasema, "Unafikiri nani alikuambia barua iko? Si ni mimi? Pale sokoni, kando ya wauza ndizi. Nilikuambia ili useme utaningoja miaka minne."

Nilikuwa nimesahau. Haki ya Mungu nilikuwa nimesahau ni yeye. Miaka kumi na tisa nimeficha siri, na mwenye siri ndiye aliyenipa.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Alinipa kitambaa cha meza, kile kilikuwa karibu, kisha akatoka kuangalia kuku.

Ijumaa, 4 Oktoba

Hajaenda shule. Vitabu viko vile alivyoviacha. Mtihani umebaki mwezi mmoja. Mwalimu wake wa darasa alipiga simu mara tatu, mara ya tatu nikashika simu mimi. Msichana mdogo tu kwa sauti. Alisema, "Mwambie Karimi nimemwekea nafasi ya mbele." Nikamwambia. Akaenda kuteka maji.

Sina la kufanya. Nimepiga pasi sketi. Nimeichoma kidogo kwa pindo, haionekani sana.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nilienda kwa mzee. Mikono mitupu. Acha isilambwe.

Alinipokea kwa fimbo magotini. Kibunda kilikuwa juu ya meza katikati yetu, hakijafunguliwa. Miraa haingoji mtu, siku mbili imekufa, na hii ilikuwa na wiki. Majani yamekauka yamekuwa rangi ya ugoro. Mzee alianza kwa kuniuliza kama nina wazimu. Dada na dada! Kwa boma moja! Alinisema robo saa kwa Kimeru kizito, kile cha wazee, nusu yake sikuelewa na nashukuru.

Alipochoka nikamweleza. Siku ya maombi. Mate kifuani. Kwamba mimi najua kufunga aina moja tu ya kibunda.

Alicheka mpaka Gatwiri akaleta maji. Gatwiri naye akacheka, akasema hata angebaki peke yake duniani hangenichukua. Sawa.

Kisha mzee akaacha kucheka. Akasukuma kile kibunda kikavu kwa kidole. Akasema, "Kile cha kwanza nilikifungua haraka sana." Basi. Nilimuuliza kama atakuja. Akasema magoti yake ni mabaya, na hajui mtu husimama wapi kwa mambo ya Kiingereza. Akaniuliza huko shuleni binti yake anaitwa nani. Nikamwambia anaitwa student, lakini siku hiyo ataitwa candidate. Akalirudia kimya kimya, midomo tu.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Nilimweleza Karimi yote, neno kwa neno, hata ya Gatwiri. Ile ya kufungua haraka aliniomba niirudie.

Jumatatu, 7 Oktoba

Ameenda shule. Hakuniaga. Lakini alivaa ile sketi, na alikuwa ameona pale nilipochoma, maana ameweka kiraka kidogo kwa ndani.

Nimefurahi kama mwendawazimu. Nimeuza miraa bila kubishana bei.

Jumapili, 13 Oktoba

Amekuwa akisoma mezani tangu tutoke kanisani. Kemia. Hatujaongea sana wiki hii, lakini jana aliniita nimshikie karatasi nimuulize maswali. Sikuweza kusoma hata moja sawasawa. Natamka, anacheka, ananisahihisha, kisha anajibu. Nimeona kumbe ukitamka vibaya anashika zaidi. Kwa hivyo mengine natamka vibaya makusudi.

Bado hajasema kama amenisamehe. Sijauliza.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku ya maombi. Niandike polepole.

Nilivaa koti. Karimi alikaa mstari wa mbele na wale wasichana, kichwa chake kimewapita wote. Wazazi tulikaa nyuma. Karibu wote ni wadogo kwangu. Mmoja aliniuliza mtoto wangu ni yupi. Nikamwonyesha. Akaangalia, akaniangalia, akasema Mungu ni mwema.

Mzee hakuja. Saa nne, hakuja. Saa tano, mwalimu mkuu akahubiri juu ya nidhamu. Saa tano na nusu wakasema wazazi wasimame nyuma ya candidates wao. Nikasimama. Nilitembea nikiwa najua mimi si mtu wa kusimama pale. Mimi ni yule aliyemzuia langoni. Karimi alikuwa anaangalia mbele. Shingo imekakamaa.

Nikasikia pikipiki. Ikaingia mpaka kwenye nyasi, askari wa geti anaikimbiza nyuma. Mzee M'Ikiara juu yake, koti kubwa, kofia ya sufu, fimbo imelazwa mapajani. Aliteremshwa kama gunia la viazi. Akaja moja kwa moja, hakumwuliza mtu husimama wapi.

Hakusimama nyuma. Alisimama mbele yake, uso kwa uso. Karimi akapiga magoti. Mchungaji alikuwa ameanza kuomba kwa Kiingereza kwa kipaza sauti, mzee hakumngoja. Aliomba yake kwa Kimeru, sauti ya chini. Akamtemea mate kifuani, juu ya sweta ya kijani, pale penye beji. Mwalimu mmoja mgeni akashtuka akataka kuja. Yule mwalimu wa darasa akamshika mkono.

Kisha mzee akaniangalia. Nilikuwa nimerudi nyuma hatua mbili. Akanyoosha mkono akanivuta kwa koti, akachukua kiganja changu akakiweka kichwani kwa Karimi, na chake juu ya changu. Kizito, kikavu. Akasema kwa Kiswahili, ili na wengine wasikie, "Sisi wawili tulifunga. Sisi wawili tunafungua."

Nywele zake zilikuwa na joto la jua. Mabega yalikuwa yanatingika. Sikuondoa mkono mpaka mchungaji akasema amina.

Tulikula wali na nyama chini ya turubai. Mzee alikaa kati ya wasichana watatu wa kidato cha nne, wakamfundisha kusema candidate. Alisema vizuri kunishinda.

Jumatatu, 4 Novemba

Mtihani umeanza. Kiingereza cha kwanza. Mvua tangu alfajiri. Nilimsindikiza mpaka lami na mwavuli, kisha nikarudi bila mwavuli.

Sikuchuma leo. Nilikaa tu.

Jumanne, 12 Novemba

Hesabu ilikuwa mbaya, anasema. Alikula kidogo. Nilimwambia hata mimi hesabu ilinishinda. Akasema najua, baba Kendi, naona vile unauza miraa. Nikacheka. Na yeye akacheka. Muda mrefu hatujacheka hivyo.

Ijumaa, 22 Novemba

Amemaliza. Karatasi ya mwisho ilikuwa Biolojia. Alirudi saa tisa, akavua viatu, akalala kwa kiti na sare yote. Makena alitaka kumwamsha anywe chai. Nikamkataza. Tukanywa sisi, tukanong'ona mpaka jioni.

Jumapili, 24 Novemba

Hakuna mvua. Tulikaa nje ya jikoni mchana, tukimenya viazi vya kupondea mukimo. Makena yuko kwa jirani.

Karimi alisema kama alama zitatosha anataka kusomea ualimu. Chuo kiko Embu. Miaka mitatu. Ni cha bweni, kuja nyumbani ni likizo tu. Alisema haraka haraka, akiangalia kisu. Kisha akaacha kumenya. Nilijua anangoja nini. Safari hii nilijua.

Nilimuuliza huko chuoni watamwita nani, student ama kuna jina lingine tena. Akasema ni trainee. Nikalijaribu mdomoni. Halikutoka vizuri.

Nikamwambia nitakungoja.

Alichukua kiazi kutoka mkononi mwangu, maana nilikuwa nimekimenya mpaka kimebaki nusu, akanipa kingine.